Biriani Iliyonipeleka Naxos

Wengine huenda Ugiriki kutazama jua likizama. Mimi nilipelekwa na mdomo wangu. Siku ya Idi, nyumbani kwetu mtaa wa Ghubra, mbele ya wakwe zangu wote, nilisema biriani ya mkahawa mmoja wa mtaa wa Darsait inaishinda ya mama. Nilidhani natania. Mama alikwenda jikoni. Aliosha mwiko, akautundika ukutani, na kwa miezi mitano haukuteremka. Tukawa watu wa kula vya kununua. Nilimwomba radhi jikoni, nikamwomba garini, nikamtumia hata ujumbe wa simu wenye maua. Wapi! Baba, ambaye kanzu zilishaanza kumpwaya, ndiye aliyekata tiketi.

"Mamako siku zote anataka kuziona zile nyumba nyeupe za Ugiriki," aliniambia. "Mchukue, nenda naye. Na usinirejeshee akiwa bado kanuna."

Asubuhi ya safari nilinyanyua sanduku la mama, mgongo ukalia.

"Mama, umetia nini humu?"

"Viungo vya chai."

"Vyote hivi?"

"Mie nnakunywa chai sana."

Sanduku lilinukia karafuu mpaka Athens. Kutoka hapo tukashuka bandarini na kupanda meli ya abiria, safari ya saa tano na zaidi, mimi nikiwa na ratiba niliyoichapisha: leo magofu, kesho ufuo, keshokutwa vijiji vya mlimani. Mama aliikunja ratiba ile akajipepea nayo.

Jioni tulifika kisiwani Naxos. Mwenye nyumba wetu, Eleni, bibi wa umri wa mama, mwenye sauti ya mtu anayenadi samaki, alitunyang'anya sanduku na kulipandisha ngazi mwenyewe. Chumba kilikuwa juu ya nyumba yake, na kona moja ilikuwa na jiko la umeme la mafiga mawili. Mama alilitazama jiko, kisha akaligeuzia mgongo.

Siku ya kwanza tulikwenda kuona fahari ya kisiwa, mlango mkubwa wa marumaru uliosimama peke yake juu ya bahari tangu zama za kale. Watu walipiga picha hadi wakapigana vikumbo. Mama aliuzunguka mara mbili.

"Sasa nyumba yenyewe iko wapi?"

"Haikumalizwa, mama."

"Fundi kakimbia," alisema, na tukarudi.

Mchana huo Eleni aligonga mlango. Alileta sahani ya buluu imejaa vidonge vya unga vilivyokaangwa na kumwagiwa asali. Mama alionja kimoja, macho yakamtoka.

"Kalimati hizi! Zimekaa vizuri, ila hazina iliki."

Nilitaka kumkumbusha kwamba kuna mtu aliyetundika mwiko kwa maneno machache kuliko hayo. Nikaumeza ulimi. Kalimati zilikwisha, sahani ikaoshwa, nikainyanyua nimrudishie mwenyewe.

"Unakwenda wapi na sahani tupu?" mama aliuliza. "Unataka huyu bibi aseme tumelelewa wapi?"

Akafungua sanduku. Vya chai vilikuwa vichache sana humo. Kulikuwa na binzari, mdalasini, pilipili manga, ndimu kavu na kinu kidogo cha shaba kimefungwa kwenye kitambaa. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Alinituma nikanunue pweza, maana tulimwona nje ya mkahawa ameanikwa kwenye kamba kama soksi na mama alikuwa bado hajausamehe ukatili ule. Nikarudi na pweza na makopo ya tui la nazi. Chumba kikanukia nyumbani. Mate yalinijaa nikachukua kijiko.

"Si chako," alisema. "Wewe chakula chako kiko Darsait."

Pweza wa nazi akashuka ngazi kwa Eleni. Mimi nikala mkate na jibini.

Asubuhi ya pili sahani ilirudi na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali. Mama hakukubali kushindwa. Ikashuka na samaki wa kupaka. Ikapanda na pai ya mchicha. Ratiba yangu ikafa kifo cha kawaida. Siku ya tatu nilikodi pikipiki ya magurudumu manne nikamlazimisha twende ufuoni. Alikaa nyuma yangu, buibui likipepea, akinishika mbavu kwa kucha kila kwenye kona. Ufuo ulikuwa mzuri ajabu, mchanga wa dhahabu na maji ya kioo, na watu wamelala karibu uchi.

"Masikini," mama alinong'ona. "Hawa wameibiwa?"

Baada ya robo saa alisimama. Alikuwa ameroweka dengu. Tukarudi.

Siku ya mwisho Eleni alitusindikiza hadi gatini. Alimkumbatia mama, akabusu ncha za vidole vyake mwenyewe, akaniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Mama yako, hakuna kama yeye. Wewe bahati." Nikamfasiria mama.

"Umesikia?" mama aliuliza. "Kasema mbele ya watu."

Nilisikia, lakini kichwa changu kizito. Eleni alimtia mkononi ile sahani ya buluu, imejaa biskuti za lozi, na meli ikaondoka nayo.

Ijumaa baada ya sala, Ghubra, mama aliwaalika wakwe zangu wote, wale wale wa siku ya Idi. Mwiko ulikuwa umeteremka. Sinia la biriani liliwekwa katikati, mvuke ukipanda, na baba alikuwa karibu kulia. Mbele yangu mama aliweka sahani ya Eleni, na juu yake boksi la karatasi ya fedha.

"Yako hiyo, mwanangu. Nimeagizia Darsait. Mie nnajua unachokipenda."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa ushungi. Hapo ndipo safari yangu yote iliponiingia akilini. Nilimvunjia heshima ukumbini, nikaenda kumwomba radhi jikoni. Nilikuwa nimekwenda Ugiriki na kurudi ili nijifunze jambo lililokuwa hatua kumi kutoka jikoni kwetu. Nikaona haya, haya ya kweli. Nikasimama.

"Jamani, siku ya Idi nilisema upuuzi mbele yenu. Biriani ya mama haina mfano. Hii ya boksi ni wali uliopakwa rangi. Mama, nisamehe."

Mama aliendelea kumpakulia baba.

"Rudia," alisema. "Baba mkwe wako sikio la kushoto halisikii."

Nikarudia, kwa sauti ya Eleni. Mama akalitoa boksi, akaichukua sahani ya buluu mbele yangu na kuinama kwenye sinia. Haikurudi tupu.