Pembe ya Bamvua

Mimi Idarusi nimewahi kuwa mtu mkubwa wa Serikali: nililinda mti. Miaka ile ya hamsini bwana mmoja wa maji alitoka Tanga, akachomeka nguzo mtoni Pangani, chini ya kilima chetu, akaichora mstari mwekundu. Maji yakigusa mstari, nipulize pembe, watu wa bondeni wapande kilimani. Nikapewa na kofia. Basi kwa kofia ile nikawa sijibu salamu za watu wasio na viatu, na mimi mwenyewe viatu sikuwa navyo.

Jambo moja bwana yule hakuliuliza, nami kwa kujifanya msomi sikumwambia: mto wetu uko karibu na bahari, hujaa na kupwa. Bamvua la kwanza, yale maji makuu ya mwezi mwandamo, mto ukagusa mstari, nikapuliza. Bonde zima likapanda na magodoro, kuku na vikongwe. Saa chache baadaye bahari ikavuta maji yake. Bamvua la pili nikapuliza tena, amri ni amri. Walipanda wachache, wakanicheka wote. Mama mkwe wangu, Bi Semeni, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kule chini mtoni, akatangaza kuwa binti yake kaolewa na mwezi mwandamo. Nikaapa sipulizi tena siku ya bamvua.

Masika yakaja. Kwetu jua linawaka, lakini huko juu Usambara mvua ilikuwa ya siku ya tano. Asubuhi ya bamvua maji yakapita mstari. Nikakaa zangu natafuna muhogo. Mke wangu Mwamvua akarudi kutoka mtoni, akaniletea kata ya maji.

"Baba Mboni, onja."

Maji ya bamvua huwa na chumvi. Haya yalikuwa matamu, yamejaa udongo wa milimani. Nikajua, wallahi nilijua, haya si ya bahari, ni mafuriko. Hata hivyo nikamwambia tungoje kidogo. Watu wamo katika hatari ya kufa, mimi naogopa kuchekwa!

Mwamvua hakungoja. Alichukua pembe akapuliza mwenyewe, na kwa kuwa hakuwahi kupuliza, ikalia kama mbuzi anayekabwa. Bonde lote likapanda mbio, bila hata mkeka, kuja kuona Idarusi kapatwa na nini. Bi Semeni alibebwa mgongoni ili asikose.

Walikuwa bado wameshika mbavu kwa kicheko nguzo ilipong'oka. Kisha paa la Bi Semeni likapita mbele yetu likielea, jogoo wake juu.

Niliona aibu. Nikamwendea mama mkwe, nikavua kofia, nikamwambia kweli yote: kwamba nilijua nikanyamaza, na aliyepuliza ni Mwamvua. Alitazama pale nyumba yake ilipokuwa.

"Ungepuliza wewe, mwanangu," akasema, "nisingekuja."