Nilisema Ni Kali

Watu wa siku hizi wakisikia mtu anasifia pombe hudhani anasifia ulevi. Mimi sijalewa hata siku moja maishani, na bado naweza kuongea habari za pombe ya ulezi kutwa nzima bila kuchoka: rangi yake ya udongo wa kichuguu, povu lake jembamba, ile harufu ya ndizi mbivu inayotangulia na ya moshi inayofuata. Nilijifunza hayo kwa mama mkwe wangu, huko Ilomba, miaka ya hamsini, wakati Ilomba ilikuwa bado mashamba na migomba na mjini Mbeya tulikwenda kwa miguu. Nilijifunza vizuri. Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa sijasema kweli.

Mimi ni Mhehe wa Kihesa. Nyumbani tulikuwa Walutheri wa kusali asubuhi na jioni, na pombe ilihesabiwa kundi moja na wizi. Ulanzi, pombe ya mianzi, niliufahamu, kwa sababu hakuna mtoto wa Iringa asiyeufahamu. Ukitoka kugemwa ni mtamu, tunauita mtogwa, hata mtoto anapewa. Ukilala unakuwa mkangafu, na huo ulikuwa wa baba zetu wadogo wasiosali. Kisha nikaolewa na Msafwa aliyekuwa akifanya kazi ya barabara. Akanileta Ilomba kwa mama yake, akakaa nasi miezi mitatu, akaenda zake Makongolosi kutafuta dhahabu. Dhahabu yenyewe sikuiona. Niliyemwona kila siku ni mama yake.

Alikuwa mjane, mfupi, mkavu wa mwili na wa maneno. Kisafwa mimi sikukijua, Kihehe yeye hakukijua, basi tukabaki na Kiswahili, ambacho kila mmoja wetu alikiokota kwingine. Changu kilikuwa cha shule ya misheni, chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Tulielewana kwa shida, na siku nyingine tulijifanya hatuelewani kabisa, kwa kuwa ilikuwa nafuu kwa wote wawili.

Shamba lake la ulezi lilikuwa kubwa na mwanamume wa kulilima hakuwepo. Kila mwaka kabla ya mvua alipika pombe, akaita watu, wakaja na majembe yao alfajiri, wakalima mpaka jua la utosi, ndipo wakanywa. Pombe ya kulimia si ya kilabuni. Haitakiwi kumwangusha mtu, kwa sababu baada ya kunywa analima tena kidogo. Inatakiwa kuwa nyepesi, ikuchekeshe ulimi kama tangawizi, halafu ikauke kinywani upesi ili utake nyingine. Watu walitoka mbali kuja kulima kwake na kupita mashamba ya wenye ng'ombe wa kuchinja. Walifuata pombe ile tu. Siku ambayo pombe yake ingekuwa mbaya, shamba lingebaki pori na yeye angebaki mjane kama wajane wengine.

Kulikuwa na desturi. Mwenye pombe huonja wa kwanza mbele ya watu wote, anameza, ndipo anawakaribisha. Akishameza, hana tena la kujitetea.

Mwaka ninaousimulia, baridi ya mwezi wa saba ilimlaza mama mkwe wiki mbili kwa mafua na homa. Alipoinuka nilimpikia mboga nikasahau chumvi, akala asiseme neno. Mwanamke yule hakuwa wa kuniachia kosa la chumvi. Kesho yake nikatia chumvi mara mbili kwa makusudi, maana ndivyo nilivyo. Akala yote. Nikamtazama, naye akajua nimejua.

"Usiseme kwa mtu," akaniambia. "Ulimi yangu imelala. Itaamka."

Haikuamka. Hata harufu zilimpotea. Alisimama karibu na maziwa yaliyoganda bila kuyasikia. Mwezi wa kumi ulipofika akaotesha ulezi wa kimea kama kawaida, akauanika, tukausaga, tukaloweka unga wa mahindi. Mikono yake ilijua kila kitu. Palipohitaji kinywa, aliniita mimi.

"Wewe ndiyo ulimi yangu sasa. Onja. Sema iko je."

Mimi na Ulutheri wangu nilionja nikatema. Akacheka, mara moja katika mwaka ule. Akasema mtu anayetema anajua nusu ya pombe, nusu nyingine iko kooni. Sikumsikiliza. Nilimpa maneno mawili tu: tamu, maana yake bado, kali, maana yake imeiva. Ya kwetu ya ulanzi asingeyaelewa, na yake ya Kisafwa, ambayo baadaye nilikuja kugundua ni mengi ajabu, mimi sikuyajali.

Siku ya pili tangu kuchanganya kimea, ikaja barua ya kaka yangu kutoka Kihesa. Mama anaumwa sana, aliandika, njoo upesi. Nikamwambia mama mkwe naondoka kesho na basi.

"Pombe kwanza," akasema. "Siku tano tu. Watu nimeshaita. Nani ataonja?"

"Na mama yangu akifa?"

"Siku tano, mwanangu. Nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu kabla ya hapo. Lakini mimi sikusikia kuombwa, nilisikia siku tano tu. Nilikwenda migombani nikalia, kisha nikarudi nimevimba, na siku zote tano sikumjibu zaidi ya ndiyo na hapana.

Wiki ile joto lilikuwa si la kawaida. Asubuhi ya siku ya tano akafunua mtungi mkubwa, akachota kwa kata, akanipa. Kabla sijafikisha mdomoni nilishajua. Kinywani ikanibana mashavu, ikaniachia ukakasi ulimini, na mara hii nilimeza kwa bahati mbaya, ikashuka ikiunguza. Ilikuwa imeharibika. Dawa yake ilikuwa moja: kumwaga, kuwatumia watu habari wasubiri, kuanza upya. Wiki nyingine nzima, na mimi ndiye ulimi.

"Iko je?"

"Kali, mama."

"Kali sana?"

"Kali."

Nitasema wazi, maana nimechoka kulizungusha: sikukosea neno. Ndimu ni kali, na siki ni kali, kwa hiyo hakuna ambaye angeniambia nimesema uongo. Nilijua kwamba kati yetu sisi wawili kali ni pombe iliyoiva. Neno la kuchacha nilikuwa nalo, nilifundishwa shuleni. Nililiacha na kulichukua lile jingine, nikiwa bado nimeshika kata. Uso wake ukakunjuka, akaanza kupanga vibuyu.

Kesho yake walikuja watu zaidi ya thelathini. Walilima vizuri, wakiimba, na jua lilipofika utosini shamba lilikuwa limefika nusu. Wakaketi. Mama mkwe akavaa kitambaa chake safi cha kichwani, akasimama katikati, akachota, akanywa, akameza. Akatabasamu. "Karibuni," akasema, "imeiva."

Mzee wa kwanza alikunywa funda moja. Akakiweka kibuyu chini polepole, akajipangusa mdomo, akaanza kulitazama jembe lake. Wa pili naye hivyo hivyo. Wasafwa ni watu wa adabu, hakuna aliyetema. Kibuyu kilizunguka mpaka kikamfikia mwanamke mmoja wa jirani, ambaye naye alikuwa mpishi wa pombe.

"Mama, hii ni pombe au ni dawa?" akauliza.

Mama mkwe aliangalia nyuso zao, moja baada ya nyingine. Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama kando na chujio mkononi, na niliinamisha kichwa. Nilidhani atanitaja, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kukana.

Akasema kwa Kisafwa, na wakati ule nilishakielewa kiasi cha kutosha kunichoma. Alisema ulimi wake ulikufa tangu baridi, na aliwaficha. Alisema: mke wa mwanangu alionja, akaniambia, ila mimi kizee sikumwelewa. Msimlaumu, lugha yetu ni ya kuokoteza.

Watu wakachukua majembe yao. Waliaga mmoja mmoja, vizuri kabisa, na nusu ya shamba ikabaki na majani yake. Hakuna aliyerudi kuimalizia. Mvua ilikuja ikatukuta mimi na jembe, kwa sababu niliporudi nilijaribu kuilima peke yangu, na mwaka ule ugali wetu ulikuwa wa kuhesabu matonge.

Nasema niliporudi, maana nilikwenda. Siku mbili baada ya lile nilipanda basi la Iringa na kula vumbi kutwa nzima. Mama yangu nilimkuta uani Kihesa, anapukuchua mahindi. Alikuwa ameshapona kabla hata sijaonja pombe ile. Akanikumbatia, akasema nimekonda, akanipikia. Sikuweza kufurahi, na nilimkasirikia kwa kupona, jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu yeyote.

Ningeweza kubaki kwetu. Mume wangu alikuwa ameacha kuandika na hakuna ambaye angenilaumu. Nilirudi kwa sababu ya ile "msimlaumu".

Mama mkwe alinipokea kana kwamba nilitoka kisimani. Wiki haijaisha, akaniketisha kando ya moto na kuanza kunifundisha upya. Alisema kosa ni lake, hakunipa maneno. Akanipa. Kulikuwa na neno la uchachu unaochangamsha na jingine la uchachu unaobana. Kulikuwa na neno la pombe iliyokauka vizuri kinywani, la ile inayokwaruza koo na la ile inayokwaruza pua, la ile iliyobeba moshi na la ile iliyobeba mtungi mchafu. Alinipeleka kwenye pombe za watu tuonje. Ananipa kibuyu, nameza, namweleza kwa Kisafwa, naye amefumba macho akiisikiliza. "Mwishoni je? Ikishapita, inabaki nini?" Nikimjibu sawa, aliitikia kwa kichwa taratibu. Nikimjibu hovyo, alinirudishia kibuyu.

Miaka miwili tulipika hivyo. Ya kwanza ndogo, watu wanane tu wakaja, wale wa kumhurumia. Wakanywa, wakatazamana, wakaomba tena. Ya pili shamba lote lililimwa kabla ya jua kupinda. Kanisani niliacha kushiriki meza ya Bwana, mwinjilisti alinisema kwa kuzungukazunguka kila Jumapili, na kwa kweli sikuumia sana. Wakati ule nilikuwa na furaha ya kuwa na kazi ninayoijua, na nilikuwa na mtu aliyekuwa akiishi kinywani mwangu.

Ndipo yule jirani mpishi alipokuja kutuazima chujio, akamwambia mama mkwe kwamba amebahatika. Mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa kwenye ungo, "Huyu? Huyu hajui kudanganya."

Jirani akaondoka. Mimi nilikaa na lile neno kutwa nzima, halafu siku nzima iliyofuata. Nilijidanganya kwamba nikisema tutakuwa karibu zaidi. Tulikuwa tunachekecha unga wa kimea, mchana, jua zuri. Nikamwambia siku ile nilijua imechacha.

Ungo ukasimama.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Kabla mimi sijauliza?"

"Kabla."

Hakunigombeza. Akaanza tena kuchekecha, akamaliza unga wote, akaufunika, akaenda kunawa. Siku zilizofuata alinisalimia asubuhi na kunipa chakula kizuri. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, akaniinua, akasema yamekwisha. Pombe aliendelea nayo hatua kwa hatua, na watu alikuwa ameshawaita. Nilisubiri aniite.

Asubuhi ya kuonja nilimkuta ameshafunua mtungi mwenyewe. Nilisimama mlangoni, naye hakugeuka. Alichota kwa kata, akanywa, akafumba macho. Akasimama hivyo muda mrefu, shingo ameiinamisha upande kidogo, anatafuta. Akachota tena, akasukutua kinywani, akameza. Mara ya tatu nyingine ilimmwagikia kifuani.

Kisha akauinamisha mtungi. Ulikuwa mzito, aliushikilia kwa magoti, akaimwaga yote palepale uani, mpaka machicha. Harufu ikanifikia mlangoni. Ilikuwa imeiva barabara, nzuri kuliko zote tulizowahi kupika, na mimi sikuwa tena na namna ya kumwambia.