Feni Inayogeuka

Ofisini walimwita Mama Kwa Nini, wala hawakuwa wakimsifu. Kazi yake ilikuwa kukagua maombi ya hataza za kompyuta, ile haki ya mvumbuzi kumiliki alichobuni: mtu analeta uvumbuzi wake, yeye anafukua ya waliotangulia, kisha anaamua kama ni jambo jipya kweli au ni kitu ambacho fundi yeyote wa kawaida angekifikia huku akipiga miayo.

Fundi huyo hayupo duniani. Sheria imemtunga: si bingwa, si mbumbumbu, amesoma kila kitu na hajawahi kuota chochote. Mama Kwa Nini alimwekea kiti mbele ya meza, akakivika koti kuukuu la bluu, akawa anamhoji. Mumewe alipopata habari alisema, "Mwanamume asiyejibu. Kumbe ndiye uliyekuwa unamtafuta siku zote."

Safari hii mwombaji alikuwa mhandisi mwembamba, amekaa kwenye benchi la nje akitafuna kucha. Feni yake ya kompyuta, mashine ikizidi joto, hugeuka, ikazunguka kinyume na kutema vumbi nje. Akinyimwa hataza, kiwanda chochote kingemchukulia wazo lake mchana kweupe.

Bosi, mtu wa kumaliza mafaili kabla ya chai, alikuwa ameshahukumu.

"Kompyuta ya kujipima joto ipo. Feni ya kugeuka ipo, ya mashine za useremala. Kaziunganisha tu. Hata mimi ningeweza."

"Mbona hukuweza?"

"Sikuwa na nafasi."

Mama Kwa Nini akaligeukia koti. Haya, umezisoma zote mbili, hii ya tatu hujaiona. Ungefanyaje? Hapo ndipo wakaguzi huteleza: ukishaona jibu, swali linakuwa la chekechea. Akairudia hataza ya useremala, mpaka kurasa za mwisho zisizosomwa na mtu. Mwenye hataza hiyo alionya: feni hii isiwekwe ndani ya kasha lililofungwa, vumbi litazunguka humo humo na kuunguza mota.

"Bosi, fundi wetu angefika hapa angekimbia. Huyu wa nje kaweka kilango kinachofunguka feni ikigeuka. Nimekitafuta kwa waliotangulia, hakipo."

Bosi alisoma, akarudia, chai ikapoa. "Lakini ni rahisi mno."

"Sasa hivi ndiyo. Umeshaonyeshwa."

Bosi akatia saini kama mtu anayeng'olewa jino.

Mama Kwa Nini alitoka mwenyewe kumpa mhandisi habari. Jamaa akashukuru mara tatu. Alipomaliza, mama akamuuliza lililokuwa likimwasha tangu asubuhi.

"Kaka, hilo vumbi likishatoka, linaenda wapi?"

"Kwa anayekaa jirani, mama."

"Basi mwambie naye alete ombi lake."