Ubavu Nilioapa Kuumaliza

"Muuundo."

Nilisikia jina langu kabla sijaona chochote.

Ilikuwa asubuhi, ukungu umetanda hadi kwenye magoti, na pikipiki yangu ilikuwa imenizimikia katikati ya njia ya kwenda mji wa Treinta y Tres. Nilikuwa nimechuchumaa nafuta plagi kwa pindo la shati.

"Muuundo."

Naitwa Edmundo, lakini hakuna mtu aliyewahi kulimaliza jina hilo. Kijiji kizima naitwa Mundo. Nikasimama, nikaitika kwa adabu zote:

"Naam?"

Ukungu ukasogea kidogo. Mbele yangu palikuwa na lori limeegeshwa, na kati ya mbao zake ilichomoza pua pana yenye majimaji. Juu ya pua, jicho moja jeusi lilikuwa linanikodolea.

Ng'ombe.

Najua mtakachosema. Ng'ombe wote husema muu. Sawa. Lakini huyu alimalizia na "ndo". Mimi ni mwimba mashairi ya papo kwa papo. Nikipanda jukwaani na gitaa langu, kina nakidaka kikiwa bado kwenye koo la mpinzani. Masikio yangu hayakosei.

Dereva akatokea vichakani akifunga mkanda. Nikamuuliza anawapeleka wapi ng'ombe wake.

"Machinjioni, kaka. Ulidhani nawapeleka harusini?"

Ingawa hata harusini wangefika. Kwa hali ile ile.

Lori likaondoka. Mchana huo mama yangu, Zulma, alinipakulia mchuzi wa mkia. Nikaitazama sahani. Sahani nayo ikanitazama.

Sikuweza.

Sasa ili mnielewe, lazima mumjue baba yangu.

Mzee Waldemar ndiye mchomaji wa kijiji chetu. Harusi, ubatizo, sikukuu ya shule, ushindi wa klabu ya mpira, hata kushindwa kwake, anaitwa yeye. Anawasha moto wa kuni ngumu pembeni, anasubiri kuni zizae makaa, kisha anayavuta kidogo kidogo chini ya wavu, bila haraka, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Na kila karamu, watu wakiwa katikati ya kula, lazima mmoja asimame aseme: makofi kwa mchomaji. Watu wanapiga makofi. Baba anainamisha kichwa tu.

Miaka arobaini hajawahi kuunguza ubavu.

Mtoto wa mtu kama huyo kukataa nyama ni kama mtoto wa mchungaji kugoma kubatizwa. Nikaamua kunyamaza.

Jumapili za kwanza nilifanya uhuni. Nilichukua nyama yangu kama wengine, nikaifunga kwenye kitambaa cha mezani, nikasingizia haja, nikazunguka nyuma ya banda la kuni kumpa mbwa wetu Batata. Batata hakuuliza maswali. Ni mbwa mwenye heshima.

Lakini msidhani ilikuwa rahisi.

Mimi nyama naipenda. Naipenda hadi leo ninapoandika. Siku ya kumi na moja nilipita klabuni wakati wanakaanga soseji, nikashtukia nimesimama nyuma ya goli, nusu ya soseji mkononi, nusu nyingine imeshanisaliti. Nililia kidogo. Halafu nikamaliza ile nusu ya mkononi, maana kuitupa ingekuwa kumtukana marehemu.

Nikaanza upya kuhesabu siku.

Nikaenda kwa shangazi Nélida, dada yake baba, nikamnong'oneza kwamba nimeacha nyama, na nikamwomba asimwambie mtu. Akanishika mkono kwa huruma, akaenda jikoni, akarudi na kuku.

Nikamwambia, shangazi, nimesema sili nyama.

"Ndiyo maana nimekupa kuku, mwanangu."

Kwetu nyama maana yake ni ng'ombe. Kuku ni kuku. Nguruwe ni kiungo. Kondoo ni kwa wageni. Nilipomweleza kwamba hata kuku simo, alifanya ishara ya msalaba na kuniuliza kama nimeonana na daktari.

Shangazi alitunza siri yangu kwa muda wa kutembea kutoka kwake hadi duka la mikate.

Wiki hiyo klabu ilikuwa inaadhimisha siku ya kuanzishwa kwake, na mimi nilipangiwa kushindana na Dardo Olivera. Dardo ni mnyoa kondoo, ana sauti kama mlango wenye kutu, na ana ulimi. Mimi mashairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe nikichunga farasi. Kwa hiyo mtu akinichezea jukwaani, damu inanichemka kabla akili haijaamka.

Dardo akapapasa gitaa, akatabasamu, akaimba:

*Mundo kawa mla nyasi,*
*zizini twamngojea,*
*akiona jani basi,*
*mkia ajipepea.*

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Nikatazama kwenye meza ya baba. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nikapiga nyuzi kama nataka kuzikata:

*Jumapili njoni nyote,*
*kwa baba yangu motoni,*
*ubavu niule wote,*
*hadi mfupa mezani.*

Makofi. Miluzi. Watu wakagonga meza.

Na mimi nikajua nimejifunga, maana kwetu neno la kusema unaweza kulikana, lakini neno ulilolitia vina mbele ya watu halirudi. Kuna mwanamume kijijini aliimba kwamba angevuka mto akiwa amepanda dume la ng'ombe. Alivuka. Mpaka leo anachechemea.

Wakati tunarudi nyumbani mama alisema jambo moja tu, kwamba hasira yangu ina mdomo mkubwa kuliko mimi.

Siku zilizofuata nilijadiliana na nafsi yangu kama wakili mlevi. Nikila, namsaliti yule aliyeniita, na najisaliti mwenyewe. Nisipokula, mtoto wa Waldemar atakuwa ameusukuma kando ubavu wa Waldemar, kwenye moto wa Waldemar, mbele ya kijiji kizima. Mimi wanicheke, nimezoea. Lakini yule mzee hana shamba wala cheo. Ana makofi yale tu.

Kufika Ijumaa nilikuwa nimeamua. Nitakula. Ubavu mmoja, kwa ajili ya baba, halafu nimwombe radhi ng'ombe.

Jumapili walikuja wote. Hata kasisi alikuja, akidai anapita tu. Dardo alikaa kiti cha mbele na kisu chake mwenyewe kiunoni, kana kwamba yeye ndiye angechinja.

Baba aliuleta ubavu ubaoni. Mzima. Mafuta yanachemka pembeni, rangi ya dhahabu, chumvi inameta juu yake. Jamani, ile harufu. Niliwahi kumpenda msichana wa mji wa Melo miaka miwili, na hakuwahi kunifanya nihisi vile.

Baba akaniwekea mbele, hakunitazama usoni, akasema anakwenda kuongeza kuni.

Nikashika kisu. Nikakata kipande. Nikakiinua hadi kwenye midomo, na mkono ukagoma. Mate yananitoka, moyo unataka, tumbo linaomba, mkono umekataa katakata.

Nikasema nimesahau kunawa. Wakaguna. Nikaondoka na kipande changu ndani ya kitambaa, nikazunguka nyuma ya banda la kuni kumtafuta Batata.

Batata alikuwa na mteja mwingine.

Baba yangu alikuwa amechuchumaa, kitambaa kimefunguliwa gotini, anamlisha mbwa kipande baada ya kipande. Minofu laini kabisa, ile sehemu ambayo watu huamini mchomaji hujitengea.

Tukatazamana. Batata akatutazama sote wawili, akahamia upande wangu.

"Wewe pia?" nikasema.

Baba akafuta vidole taratibu. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nizaliwe," akasema. "Sikuwahi kuipenda. Ikifika kooni, koo linajifunga."

Nilidhani ananitania. Akanieleza, sauti chini, jicho lake likichungulia kona ya banda. Akiwa kijana alipigwa na babu yangu kwa sababu ya kuacha nyama sahanini. Siku moja kwenye harusi aligundua kitu. Mtu mmoja tu pale hakuwa na sahani. Alikuwa amesimama motoni, anakata, anagawa, anarudi kugeuza. Hakuna aliyemsukumia nyama. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Mchomaji haulizwi kama amekula, mwanangu. Ndipo nikajifunza kuchoma."

Miaka arobaini. Mchomaji bora wa mkoa mzima, na hajui nyama yake ina ladha gani. Anapima kwa sauti ya mafuta na kwa kidole.

Nikamuuliza kama mama anajua. Akasema mama ndiye aliyemshtukia kabla hata hawajachumbiana, akamwalika kwao akamlisha maharage na malenge, naye kesho yake akaenda kwa kasisi wa kwao kuuliza habari za ndoa.

Kisha akachomoa kiunoni koleo lake la makaa, akanipa.

"Nenda. Kuanzia leo wewe ndiye mchomaji. Watakapouliza ubavu wako, waambie mchomaji hula mwisho. Hawatasubiri. Hawajawahi kusubiri."

Nililishika lile koleo. Lilikuwa na joto la mkono wake. Nikaona maisha yangu yote yamepata ufumbuzi.

Nikarudi mezani. Dardo akaniuliza kama maji ya kunawia nimeyafuata mtoni. Nikafungua mdomo kusema maneno niliyopewa.

Na nikamwona baba amejitokeza upande wa pili, ameegemea ukuta. Amesimama. Meza ina viti tele, vingine vitupu, na yeye amesimama, kama alivyosimama kwenye ubatizo wangu, kwenye harusi ya dada yangu, kwenye kila picha tuliyo nayo.

Nikaliweka lile koleo mezani.

Nikatafuta kina, nikakikosa. Kwa mara ya kwanza mbele ya watu nikaongea bila vina.

"Sili nyama," nikasema. "Niliapa kwa hasira. Huu ubavu hauna kasoro, na aliyeuchoma hana kosa. Kosa ni langu. Dardo, umenishinda."

Watu wote wakageuka kumtazama Dardo.

Nilikuwa nimekaza ngumi, tayari kwa lolote. Dardo akanitazama, akautazama ubavu, akanitazama tena.

"Sawa," akasema. "Sogeza basi huku, unapoa."

Akaula wote. Hadi mfupa. Kasisi akasimama akaomba makofi kwa mchomaji, shangazi Nélida akaniletea kuku, na karamu ikaendelea. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kwa vita, nilipewa saladi.

Ndugu msomaji, sikwambii uache nyama. Mimi mwenyewe sina hakika nitafika Krismasi. Nakwambia hivi tu: ukiogopa kumwambia mtu ukweli wako, zunguka kwanza nyuma ya banda. Huenda yuko huko, anamlisha mbwa yule yule.

Jua lilipoanza kupoa watu walikuwa wameondoka. Baba alikuwa anakwangua wavu. Siri yake sikuigusa, na alijua. Lakini niliona anavyokwangua pale pale pasipo na uchafu.

Nikamsogelea, nikasimama karibu naye.

"Baba," nikamwambia, "Jumapili ijayo moto nawasha mimi. Wewe utakaa kwenye kiti, kichwani pa meza, na nitakujazia maharage na malenge mbele ya watu wote. Na atakayecheka, nakuahidi, nitampakulia majivu."