Dira Kitandani kwa Bibi

Juzi sokoni Wete nilishika dira kuukuu, ikanijia harufu ya shaba. Muuzaji aliitaja bei ya meli nzima. Nikairudisha.

Baba alikuwa ofisa wa jeshi la majini, bingwa wa kuongoza meli. Bibi alipokuwa akikata roho, baba aliambiwa amwelekeze kibla. Akaweka dira kitandani.

“Mwanangu, kibla dirishani. Miaka yote naswali huko.”

“Mama, nimevuka bahari kwa hii.”

Akakizungusha kitanda mara tatu; nilihesabu. Kila mara sindano ilimpa kibla nyingine.

“Kaka,” shangazi akasema, “kitanda hiki si cha chuma?”

Baba, aliyewafundisha makuruta kwamba chuma huihadaa dira, akakigusa kitanda ubavuni, akaiondoa dira.

Tulipomtazama bibi, alikuwa ameshageuza uso dirishani mwenyewe, pumzi hana.