Maua ya mama na mashuka yangu

Leo mashuka yamenifanya nimwombe mdogo wangu msamaha.

Ngojeni niwaeleze.

Mama yetu alikuwa na maua ya lili nyuma ya nyumba kule Mbale, yale yanayofunguka asubuhi na kunyauka jioni. Rangi yake damu ya mzee kabisa. Alipofariki, nikamwambia mdogo wangu Nambozo anichimbie shina moja, nikalipanda hapa Jinja.

Likatoa maua ya rangi ya chungwa, tena iliyopauka. Kila msimu.

Nikamnunia. Nikasema ya mama amejiwekea, mimi kanipa ya jirani.

Sasa leo nimefua, waya umejaa, nikafunga kamba nyingine juu ya maua. Mchana nainua shuka nione kama limekauka.

Chini yake kuna ua moja, damu ya mzee. Lile lile la mama.

Wenzake walioko juani wamepauka kama kawaida.

Nikamtumia Nambozo picha. Akapiga simu hapo hapo.

"Dada, kwani umesahau? Mama alikuwa anafua magwanda ya maafande. Kamba ilikuwa juu ya yale maua kila siku. Wewe uliwahi kuyaona juani?"

Sikuwahi. Nilikuwa napita chini ya magwanda yakinidondoshea maji shingoni, kila mahali harufu ya sabuni ya mche.

Nyie mama zenu walipanda nini?

Mashuka yamekauka tangu saa nane. Bado sijayaanua.