Fundi wa Mageti na Choo Cheusi

Mume wangu huchomelea vyuma. Mageti yake yamejaa mtaani, na nikipita na shoga zangu huyagonga makusudi ili waulize nani kayatengeneza. Sioni haya, nina mume fundi.

Karakanani kwao, kabla ya kuwasha mashine, kila fundi hunywa maziwa. Wanaamini yanaosha moshi kifuani. Basi tumbo lilipoanza kumuunguza chini ya chembe cha moyo, akanywa maziwa, likatulia kidogo, akaona dawa kaipata. Choo kilipogeuka cheusi kama lami, kinanata na kunuka, akafurahi. Moshi unatoka! Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu wangu hakujua kama ni maradhi. Na habari za chooni, kwake, huishia chooni.

Mimi nilichoona ni mwanamume wa miraba minne anayetweta akiinua ndoo, midomo imepauka.

"Uchovu tu, mama watoto."

Uchovu! Wiki haikuisha akaanguka karakanani, wenzake wakamfikisha hospitali wakiwa wamembeba juujuu. Nikawakuta huko.

Daktari alikuwa binti wa kumzaa. "Baba, choo chako kikoje?"

"Kizuri."

Akamfunua kope, akatikisa kichwa. "Damu yako imepungua sana, baba. Kuna mahali inapotelea. Usiponisaidia kupajua, tutakupoteza."

Mume wangu akawatazama wenzake mlangoni, akanitazama mimi. Kisha akasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Cheusi. Kama lami. Nilidhani ni moshi."

"Hiyo ni damu. Una vidonda vya tumbo, na vinavuja."

Hakuna aliyecheka. Kule mlangoni, rafiki yake wanayemwita Nati, bingwa wa mizaha, akavua kofia. "Daktari," akasema taratibu, "na mimi changu ni hivyohivyo."

Wakalazwa vitanda jirani, wakaongezewa damu, wakapona wote wawili. Maziwa bado wanakunywa, ila kwanza mume wangu huuliza kwa sauti, "Jamani, choo?" na kila mmoja hujibu.

Siku hizi nikipita na shoga zangu sigongi geti. Nawaambia tu kwamba mume wangu ndiye yule aliyesema "cheusi" mbele za watu, na Nati yu hai.